Mkufunzi ananiambia "unasubiri kuona": nirudi kwenye basi?

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimevuka arobaini kidogo. Kazi ninayoijua ni moja tu, kuendesha mabasi ya abiria. Mwaka huu niliomba nafasi ya kujifunza udereva wa treni za chini ya ardhi. Nikapita usaili, nikapimwa macho na masikio, nikaingia darasani. Darasa lilikuwa gumu: kitabu kinene cha kanuni, umeme wa reli, milango, breki, maneno ya redioni ambayo lazima yasemwe vilevile yalivyoandikwa. Nilikesha nikisoma, nikafaulu.

Balaa limeanza tuliposhuka relini. Tunaendesha treni tupu, mkufunzi akiwa amesimama nyuma yangu, na mimi siwezi kusimama kwenye alama ya kusimamia kituoni. Ama nasimama mapema na behewa la mwisho linabaki ndani ya handaki, ama naikaribia alama kwa kasi mpaka mkufunzi ananyoosha mkono kama anataka kuishika breki mwenyewe. Kwenye kundi letu wamo vijana ambao hawajawahi kuendesha hata gari dogo, na wanasimama vizuri kuliko mimi. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Mkufunzi naye ni kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Si mkorofi. Ila kila nikikosea ananiambia neno lilelile: "Unasubiri kuona, dada." Siku moja nikamjibu kwamba dereva asiyesubiri kuona ndiye anayeua watu. Akanyamaza. Tangu hapo tunasemeshana kwa shida.

Kuna na hili la kunyoosha kidole. Kila taa tunatakiwa tuioneshe kwa kidole na kuitaja kwa sauti, hata kama ni kijani safari nzima. Najiona kama mtoto wa chekechea, mimi niliyebeba abiria miaka yote hii.

Nyumbani, shemeji yangu anasema najifunza kazi inayokufa, kwamba treni zitajiendesha zenyewe, na isitoshe ni kazi ya kiume. Mume wangu hasemi kitu, lakini ukimya wake naujua.

La mwisho sijamwambia mtu. Dereva mmoja wa siku nyingi alitusimulia darasani juu ya siku ambayo mtu aliingia relini mbele ya treni yake. Hakusimulia kwa kututisha. Lakini tangu siku ile, kila ninapoingia kituoni macho yangu yanakwenda kwa watu waliosimama ukingoni mwa jukwaa, hayaendi kwenye alama.

Kampuni yangu ya mabasi imenishikia nafasi hadi mwisho wa mwezi. Tathmini ya kuendesha itafanyika baada ya hapo, kwa hiyo nalazimika kuamua kabla sijajua kama nitafaulu. Nirudi? Na nikimwambia mkufunzi kwamba nafikiria kuondoka, si nitakuwa nimejiharibia?

Dereva wa basi

*

Marahaba, mdogo wangu.

Niliendesha treni za chini ya ardhi miaka mingi kabla ya kukaa kwenye safu hii, kwa hiyo barua yako nimeisoma kwa macho mawili, ya mshauri na ya mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho. Nianze na neno la mkufunzi wako, kwa maana karibu kila kitu ulichoandika kinatokana nalo. Hakukutukana. Amekuambia jambo la kweli kwa maneno machache mno, nawe ukalisikia kama dharau.

Barabarani, jicho ndilo linalokuruhusu kwenda. Unaona nafasi, unaingia. Unaona mtu anavuka, unakanyaga breki. Umeishi hivyo na abiria wako wamefika salama. Sasa fanya hesabu ya treni. Breki ya kawaida ya metro, ile isiyowaangusha abiria waliosimama, hupunguza mwendo kwa takriban mita 1 kwa sekunde kila sekunde. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, utahitaji karibu mita 140 ili kusimama, na hapo sijahesabu muda wa mkono kufika kwenye breki. Ukiwa kwenye 30, utahitaji mita 35 hivi: nusu ya mwendo, robo ya umbali. Gurudumu ni la chuma, reli ni ya chuma, na juu yake kuna mamia ya tani. Breki ya dharura hufupisha umbali huo, lakini haiifanyi treni iwe basi lenye tairi za mpira kwenye lami kavu.

Halafu weka kona. Ndani ya handaki lenye kona huzioni hizo mita 140. Ukingoja mpaka uone kilicho mbele ndipo ufunge breki, umeshachelewa, hata kama macho yako ni makali kama ya mwewe.

Ndiyo maana reli ilijengwa kwa akili nyingine. Njia imekatwa vipande, na kila kipande kinatakiwa kuwa na treni moja tu. Taa ya kijani haikuambii utazame mbele uone kama pako wazi. Inakuambia kwamba kipande hicho kimeshahakikiwa na umekabidhiwa wewe. Taa nyekundu maana yake hujapewa, hata kama handaki lote unaliona jeupe mbele yako. London na New York, kwenye njia zenye mitambo ya zamani, kuna mkono wa chuma kando ya reli unaoinuka taa inapokuwa nyekundu. Treni ikipita, mkono huo unagonga vali chini ya behewa na breki zote zinashika bila kumwuliza dereva. Waliotengeneza mfumo huo walikuwa wanamchukulia dereva kama mtu aliyepewa ruhusa, mwenye wajibu wa kuiheshimu ruhusa hiyo mpaka mwisho wake. Jibu ulilompa mkufunzi lingekuwa sahihi kabisa barabarani. Chini ya ardhi linageuka.

Kusimama kwenye alama nako ni hivyo hivyo. Wewe unaitafuta alama, unaiona, kisha unarekebisha. Kwenye basi marekebisho ya mwisho ndiyo ustadi: unaongeza mguu kidogo, unaachia kidogo, unatua mlangoni kwa abiria. Treni ndefu haijibu hivyo. Kati ya mkono wako na magurudumu kuna kuchelewa kidogo, na kila unaporekebisha karibu na alama unarekebisha kitu ambacho tayari kimepita. Ukizidisha, unasimama mapema na behewa linabaki handakini. Ukiogopa kurudia kosa hilo, kituo kinachofuata unaachia mno, unaikimbilia alama. Nadhani hapo umeiona wiki yako nzima.

Madereva wazuri ninaowajua hawaanzi breki kwa kuitazama alama ya kusimamia. Wanaanza mahali pengine, nyuma kabisa: kisanduku cha nyaya ukutani, mlango wa chumba cha pampu, taa fulani yenye kioo kilichofifia, mahali ukuta wa handaki unapoishia. Kila kituo kina chake. Wanafunga breki mapema na kwa uthabiti, kisha wanaachia kwa hatua jinsi mwendo unavyopungua, na mwisho treni inasimama ikiwa na breki kidogo tu, hakuna anayeyumba. Alama inakuja yenyewe.

Na njia ina tabia zake, lazima uzisome. Central Line ya London, iliyofunguliwa mwaka 1900, ilichimbwa kwa makusudi ili vituo vyake vikae juu ya miinuko midogo: treni inapoingia inapanda, mlima unaisaidia kupunguza mwendo, na inapotoka inateremka. Dereva asiyeijua njia hiyo atafunga breki kama yuko tambarare na atasimama kabla ya mahali pake. Njia yako nayo ina vilima ambavyo miguu ya abiria haivihisi, lakini treni inavijua. Je, umeandika popote ni kituo gani unasimama mapema na ni kipi unapitiliza? Nina hakika ukiandika utakuta si ovyo ovyo. Vituo vilevile vinakuponyoka kwa namna ileile.

Kuhusu vijana wanaokushinda: wao hawana cha kusahau. Wewe una mikono iliyofundishwa kitu kingine kwa miaka mingi, na mikono hiyo lazima kwanza ikubali kuacha. Sijaona dalili yoyote katika barua yako kwamba huna kichwa cha kazi hii. Ulipita darasa, na darasa hilo huwarudisha nyumbani watu wengi wenye akili. Siku ya treni kukwama handakini imejaa watu, joto linapanda na mtoto analia behewa la tatu, hapo ndipo wale vijana watatamani wangekuwa na miaka yako.

Kidole sasa. Hapa nakuomba uniamini zaidi ya pengine popote. Kunyoosha kidole na kutaja kulikuzwa kwenye reli za Japani. Mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa reli ya nchi hiyo ilipima jambo hili kwa kazi nyepesi ya mikono, na makosa yakapungua kwa karibu asilimia 85 pale watu walipoonesha na kutaja. New York tangu mwaka 1996 wahudumu wa treni wanatakiwa kunyooshea kidole ubao wa mistari myeusi na myeupe ulio katikati ya jukwaa kabla hawajafungua milango, ili wawe na hakika treni yote imeingia. Sababu unaijua kutokana na kazi yako: jicho huona lilichozoea. Taa iliyokuwa kijani mara mia, safari ya mia na moja utaiona kijani hata ikiwa nyekundu. Mazoea yana taabu. Mkono na sauti vinalilazimisha jicho lifanye kazi upya, na wanaohitaji hilo kuliko wote ni wazoefu. Mgeni anaogopa, kwa hiyo anatazama. Usilifanye kwa aibu, wala usilifanye nusu nusu kwa kunong'ona.

Ukijiuliza kwa nini miezi yote hii ya mafunzo kwa mtu mwenye leseni na uzoefu, soma habari za Brooklyn, New York, tarehe 1 Novemba 1918. Madereva wa reli ya mjini walikuwa wamegoma. Kampuni ikampandisha kwenye treni kijana aliyekuwa akipanga zamu ofisini, mwenye mafunzo machache mno, kwenye njia asiyoijua. Mbele kulikuwa na kona kali kuelekea handaki la Malbone Street, iliyotakiwa kupitwa kwa maili 6 kwa saa, yaani kama kilomita 10. Aliingia kwa kasi kubwa mara kadhaa ya hiyo. Mabehewa ya mbao yaliacha reli yakapasukia ukutani, na watu wasiopungua 93 walikufa. Mahakama haikumtia hatiani, na mimi simlaumu sana. Alipewa treni bila kupewa muda. Wewe unapewa muda, na yule kijana anayenyoosha mkono nyuma yako ni sehemu ya muda huo.

Shemeji yako hadanganyi kuhusu treni zinazojiendesha. Victoria Line ya London ilifunguliwa mwaka 1968 ikiwa na treni zinazojiendesha kati ya kituo na kituo. Lakini angalia: mpaka leo kuna mtu kwenye chumba cha mbele, anayeshughulikia milango na kuamuru treni iondoke. Lille, Ufaransa, ilifungua njia ya treni zisizo na dereva kabisa mwaka 1983, na Paris ilifungua Line 14 ya namna hiyo mwaka 1998. Line 1 ya Paris, ya tangu mwaka 1900, iligeuzwa ikiwa inaendelea kubeba abiria. Treni zisizo na dereva zilianza mwaka 2011 na kazi ikakamilika mwaka uliofuata. Ilibidi vituo vyote viwekewe milango ukingoni mwa jukwaa, mitambo ya ishara ibadilishwe na treni mpya zinunuliwe. Si jambo la kulala na kuamka. Kwa hiyo usihame kwa sababu ya maneno ya mezani. Muulize mwajiri wako waziwazi kama njia utakayopangiwa iko kwenye mpango wa kugeuzwa, na madereva watapelekwa wapi. Jibu lolote utakalopata litakuwa na thamani kuliko utabiri wa shemeji. Umkumbushe pia kwamba hata mabasi yanafanyiwa majaribio ya kujiendesha.

Hilo la kazi ya kiume lijibu kwa ufupi tu. Hannah Dadds alianza kama mfanyakazi wa kituoni, na mwaka 1978 akawa mwanamke wa kwanza kuendesha treni za chini ya ardhi za London. Moscow iliwafungulia wanawake tena mlango wa kiti hicho mwaka 2021. Treni hazikulalamika.

Nimefika kwenye lile ulilosema hujamwambia mtu, na nashukuru umeniambia.

Yule dereva wa siku nyingi amekupa kitu kizito. Naelewa kwa nini macho yako yanakwenda kwa watu wa ukingoni. Moyo wako unataka kuwaokoa kabla. Lakini rudi kwenye zile mita 140. Ikitokea, dereva ana vitu vichache tu mkononi mwake: breki ya dharura, honi, redio ya kuomba umeme ukatwe. Zaidi ya hapo, matokeo hayako mikononi mwake, na hayakuwa mikononi mwa yule mzee. Hili si neno la faraja, ni ukweli mgumu, lakini wanaouelewa mapema hubeba mzigo mwepesi kuliko wanaoamini kwamba wangetazama vizuri zaidi mtu yule angekuwa hai. Mtazamo wako wa hofu unawadhuru hata hao unaowahurumia, maana breki yako inachelewa wakati macho yanazunguka kwenye nyuso. Breki ikishashika mahali pake, mapema, unaingia kituoni kwa mwendo unaoshuka na mkono wako uko tayari. Hapo ndipo macho yana nafasi ya kutazama jukwaa zima, alama na watu pamoja. Nina imani kubwa kwamba hofu hii na kushindwa kusimama ni tatizo moja lenye sura mbili.

Uliza sasa, kabla ya tathmini, dereva aliyepatwa na tukio kama hilo hufanyiwa nini kazini kwako: anaondolewa kwenye treni mara moja? Nani anamchukua, nani anazungumza naye, anapumzika muda gani, analipwa? Una haki ya kujua. Na umtafute yule mzee mkae, chai au bila chai. Alirudi kwenye kiti chake, na sasa anafundisha. Anajua njia ambayo mimi kwa barua siwezi kukuonesha. Kama picha hizo zinakufuata mpaka usingizini, mwone mshauri nasaha sasa hivi. Na kama baada ya kuzungumza na watu hao moyo bado unakataa, basi rudi kwenye basi bila haya. Katika barua yako yote hiyo ndiyo sababu pekee ambayo ningeikubali.

Tarehe ya mwisho wa mwezi si sababu. Iombe kampuni ya mabasi kwa maandishi isogeze hadi baada ya tathmini. Mtumishi wa miaka mingi anaweza kuomba hilo. Wakikataa, uliza upande wa treni kama anayeanguka tathmini hurudia, na mara ngapi. Kisha keti na mumeo, mhesabu nyumba yenu inaweza kuishi miezi mingapi mkiwa na mshahara wake peke yake. Ukimya wake umeutafsiri wewe, hujamuuliza. Kama hesabu inasimama, iache nafasi ya basi iende. Udereva wako wa basi hauondoki pamoja na kiti kimoja.

Na mkufunzi, mwambie. Sidhani utakuwa umejiharibia. Anayekaa nyuma ya mwanafunzi aliyekata tamaa anamwona, na asipoambiwa sababu atajitungia yake. Usianze na habari za kuondoka. Anza na lile jibu ulilompa: mwambie sasa umeelewa alichokuwa anasema, na kwamba mikono yako bado inaendesha basi. Halafu umwombe zamu moja ambayo yeye ndiye anaendesha na wewe unasimama nyuma na daftari, akikutajia kituo kwa kituo mahali anapoanzia breki, anapoachia mara ya kwanza, na anachokitazama wakati huo.